Jina la Tatu Mlangoni

Mlangoni mwa shule ya mjukuu wangu kuna orodha ya watu wanaoruhusiwa kumchukua. La kwanza jina la mama yake, la pili la jirani, la tatu langu. Nimeendesha malori miaka arobaini, nimegongewa mihuri ya kila rangi, na hakuna karatasi iliyowahi kunivimbisha kichwa kama hiyo. Bila hiyo, nyumbani kwa binti yangu, huku ughaibuni, mimi ni mgeni asiyeondoka.

Mjukuu ana miaka saba. Namwita Mkaguzi, maana kila asubuhi hunikagua kama nimepiga mswaki.

Siku moja nilimpokea vizuri. Kufika kona, lori limezimika, dereva kafunua boneti anakuna kichwa. Nilivyosikia starta inakohoa nikajua: hewa imeingia kwenye bomba la dizeli. Sasa nimpite binadamu mwenzangu hivyohivyo? Pembeni alikuwepo bibi mmoja anayechukua wajukuu shuleni palepale. Lugha yake siijui, yangu haijui, ila tumesalimiana kwa vichwa miezi miwili. Nikamwonyesha mtoto, nikamwonyesha lori. Akaelewa, akamshika mkono.

Nilipomaliza, mikono myeusi kama masizi, walishaondoka. Sikushtuka. Nilikolelewa mimi, mtoto aliye kwa bibi wa watu hajapotea, anakula.

Kumbe mzazi mmoja alituona, akaenda kusema shuleni. Binti yangu, muuguzi, akaitwa kutoka wodini. Mtoto alipatikana kwa yule bibi, mdomo umejaa mkate. Kesho yake tukakalishwa mbele ya mwalimu mkuu, mama mpole mwenye kalamu nyekundu.

"Wanakufuta kwenye orodha, baba," binti akanitafsiria.

"Kwa kosa gani? Mtoto si huyu, tena kashiba?"

"Umempa mtu ambaye hata jina lake hulijui."

"Wewe ulilelewa na majirani watatu, na muuguzi umekuwa."

Akaitazama saa yake. "Walinilea kwa sababu wewe hukuwepo, baba."

Hilo hakumtafsiria mwalimu.

Kalamu ikafunguliwa. Mkaguzi akaanza kusema kwa lugha yao, kwa kirefu, akihesabu kwa vidole. Mwalimu akacheka, akaandika.

"Kasema nini?" nikauliza.

"Kwamba atakushika mkono mpaka nyumbani. Ukiona gari bovu, anakuvusha upande wa pili."

"Wamekubali?"

"Mwezi mmoja wa majaribio. Ripoti ataleta yeye."

Nikatia sahihi. Juu ya sahihi yangu, kwa herufi kubwa zilizopinda, palikuwa na jina la mdhamini wangu.

Nje, binti alikuwa ameshachelewa zamu. Akainama kwa mwanawe.

"Mkifika, mpashie babu chakula. Asilale na viatu."

"Sawa, mama."

"Na asitoke."

"Hatoki."

Mimi nilikuwa nimesimama palepale katikati yao. Nikatoa mkono, nikashikwa.