Taa Yenye Mkia

Vumbi halionekani mpaka lipigwe na mwanga. Kila asubuhi nikiwasha mashine yangu ya kupimia macho, mstari mwembamba mwekundu unakatiza chumba, na vumbi linacheza ndani yake kama limealikwa. Miaka sita nafanya kazi hii ya kuuliza mwanga umepita wapi, umerudi vipi, na bado sijaizoea.

Nawe, mdogo wangu, fundi wa magauni, ulinijia umechoka. Miwani minne kwa mwaka mmoja. "Dada, taa zina mkia," ulisema. "Nikiwaambia wapima miwani, wananiambia najidekeza." Uzi ulikuwa umeanza kukukwepa kwenye tundu la sindano, na wewe bila sindano sijui ungekuwa nani.

Nikakuketisha, kidevu juu ya kibao, paji la uso kwenye mkanda. Nikatuma ndani ya jicho lako mwanga hafifu, mwanga usiouma, nalo likaurudisha kwenye skrini ukiwa nukta mia mbili, zinazotakiwa kujipanga kama vifungo vya shati. Juu zilijipanga. Chini zilitawanyika.

Nikasema, mashine imeharibika.

Wiki tatu, mdogo wangu! Wiki tatu nilifuta lenzi, nilikaza skrubu, nilipima jicho langu, la mlinzi, la mfagizi, la bosi. Kwa wote nukta zikakaa sawa. Nikakuita tena, zikatawanyika palepale. Na bado ulimi wangu ukasema, mashine imeharibika. Sisi wapimaji ndivyo tulivyo: tunashuku chombo, tunashuku meza, tunashuku hata lori linalopita nje, lakini neno la mtu tunaliacha mlangoni. Hapo ndipo nilipoikumbuka taa yako yenye mkia, na nikaona aibu.

Konea yako, kile kioo cha mbele cha jicho, inachongoka. Inachongoka upande wa chini, taratibu, na mwanga ukifika hapo unateleza. Daktari wa macho niliyekupeleka kwake alisema ipo tiba ya matone na taa, ya kuikaza isiendelee, na kwamba tumewahi. Kilichokwisha kupotea haikirudishi. Nililia kidogo, kwa furaha na kwa zile wiki tatu.

Lakini udadisi hauna adabu. Nilitaka kuona unavyoona. Nikaipa kompyuta umbo la jicho lako na picha ya taa ya barabarani, ikanichorea: taa moja, na mkia mrefu unaochuruzika kama rangi mbichi ukutani. Niliitazama mpaka chai ikapoa. Kisha nikaichapa kwenye karatasi, nikakukimbilia nayo.

Ukaishika, ukaisogeza karibu, ukacheka.

"Dada, umezidisha! Taa zangu zina mkia mmoja. Hii ina miwili."

Kumbe nilisahau: uliitazama kwa macho yaleyale, nayo yakaongeza mkia wao juu ya ule niliouchora. Nikaanza kukueleza hesabu zake. Hukunisubiri nimalize. Ulinirudishia karatasi mkononi, kwa upole.

"Kaa nayo wewe," ulisema. "Wewe ndiye uliyekuwa huoni."