Geti la Dobi Saa Kumi na Mbili

Mdogo wangu alikuwa akifua mashuka ya hospitali. Kila siku alitoka kazini saa kumi na mbili jioni, jua likiwa bado halijazama, akikata njia ya nyuma ya ukuta wa kiwanda kilichofungwa. Mimi ni fundi cherehani. Kila nilipomsikia akiimba kwenye ngazi zetu, nilijua chai imepata mnywaji.

Jioni moja alipanda kimya. Mkono wa blauzi yake ulikuwa umechanika hadi kwapani. Mwanamume mmoja ambaye kwa wiki nzima alikuwa akimtupia maneno pale ukutani, siku hiyo alikuwa amemkamata.

Nami, dada mtu, unajua nilisema nini? "Si nilikwambia upite barabara kubwa?"

Alinitazama, akaingia chumbani. Hakulia. Ile blauzi niliishona usiku huohuo kana kwamba ndiyo iliyoumia. Kabla wiki haijaisha alikuwa amehamia kwa mama yetu mdogo, mji mwingine, safari ya siku nzima.

Kitanda chake nilikiacha vilevile. Nilikuwa nikipika chai ya watu wawili, nainywa yote, tumbo linajaa na moyo haushibi.

Aliyenifungua mdomo ni msusi wa mtaani kwetu. Msusi huyu, watu wakimuuliza kama ni mwanamke au mwanamume, huwajibu, "Si huku wala kule. Kaa nikusuke." Siku hiyo nilikuwa nimekaa mbele yake, nikamsimulia yote, hata lile neno langu. Vidole vyake vikasimama kichwani mwangu.

"Pale ukutani mimi nimepigwa mara mbili," alisema.

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani, fundi? Wewe?"

Nikamwomba tuwaite na wengine wanaopita pale.

Jumapili tukakutana saluni kwake. Walikuja madobi waliofanya kazi na mdogo wangu, muuza mboga tunayemwita Mama Mapacha, na wauguzi wawili. Nilidhani tutakuwa sita. Viti vikaisha, watu wakakalia ndoo. Kila mtu alikuwa na lake kuhusu ule ukuta, na kila mmoja alidhani ni lake peke yake. Tukakubaliana: jioni wawili wetu wawasubiri wanaotoka kazini kwenye geti la dobi, kule hospitalini, twende pamoja. Nyumba zinazotazamana na ukuta zifunge kitambaa cha njano mlangoni, yaani ingia bila hodi. Na mtu akisema ameguswa, asiulizwe alifuata nini pale. Hilo la mwisho nililitaka mimi. Vitambaa nilivishona mimi.

Siku ya tatu tulimkuta mwanamume yule ameegemea ukuta. Tukasimama, watu kumi na wawili. Msusi aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ndugu, unamsubiri nani?"

"Kwani njia ni yenu?"

"Yetu sote. Ndiyo maana tunauliza."

Hatukumgusa, wala hatukusogea. Akaondoka akiguna. Kesho yake tukamuuliza tena. Wiki ya pili hakuonekana.

Nilimpigia mdogo wangu simu nikiwa na furaha ya kitoto. Nilimweleza kila kitu, nikamalizia, "Sasa unaweza kurudi."

"Dada, nimepata kazi huku. Na wenzangu nimeshaanza kuwauliza nani anapita wapi akirudi. Tuko watano. Hebu niambie, hivyo vitambaa mnavifunga upande gani wa mlango?"

Nikamweleza: upande wa komeo, vionekane kwa mbali.

"Mdogo wangu, siku ile..."

"Najua."

"Acha niseme. Nilipaswa kukukumbatia."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Nilikuwa nalisubiri hilo," alisema. "Nitakuja kukuona likizo. Kukuona tu, dada, usije ukanipangia kazi."

Tukacheka, kisha simu ikakatika, nami nikabaki nimeishika sikioni.

Jioni yake ilikuwa zamu yangu getini. Wakatoka watu tisa wakinuka sabuni. Niliwatazama usoni mmoja baada ya mwingine, hadi wa mwisho, na mlinzi alipofunga geti bado nilikuwa natazama. Msusi akanishika kiwiko. "Twende, fundi," alisema, tukaanza kutembea.