Kufagia Mbele ya Baba Mkwe

Mtaa mzima wa Manika unajua kwamba Mbelu Nkongolo ni bingwa wa kerlingi, ila ukiwauliza kerlingi ni nini, wanaanza kukohoa. Nitaeleza mara moja, mtu asiniulize tena. Unasukuma jiwe zito lenye mpini juu ya barafu, lisimame ndani ya duara lililochorwa upande wa pili. Wafagiaji wawili wanalitangulia mbio wakisugua barafu, maana barafu iliyosuguliwa hulifikisha jiwe mbali zaidi. Kila jiwe lako lililo karibu na kitovu cha duara kuliko mawe ya wapinzani ni pointi moja. Basi.

Barafu yetu iko katika chumba cha baridi cha muuza samaki mmoja. Mbelu aliajiriwa humo miaka tisa iliyopita kukwangua sakafu, na huko ndiko alikojifunza fagio. Umeme wa bwawa la Nzilo ukikatika, tunacheza haraka kabla mchezo haujageuka kuogelea. Mimi, Jocelyne, ndiye msukumaji. Yeye na mwenzetu Tania wanafagia.

Jumamosi ile ilikuwa fainali dhidi ya timu ya Lubumbashi, wanawake waliovaa suti za rangi moja na kunukia manukato. Sisi tulinuka samaki. Mshindi angekwenda Johannesburg, kwenye uwanja wa barafu wa kweli. Mbelu ana miaka arobaini na moja na goti bovu. Aliniambia bila kuficha kwamba hii ni nafasi yake ya mwisho, na akiikosa atalia wiki nzima.

Likabaki jiwe moja, langu, nasi tuko nyuma kwa pointi moja. Likiingia kitovuni, pamoja na jiwe letu jingine lililokuwa karibu, tumepata pointi mbili na safari. Mlango ukafunguka, akaingia Tata Kazadi, baba mkwe wa Mbelu, mstaafu wa mgodi, amejifunika blanketi. Hakuwahi kuja kumtazama. Watazamaji walikuwa wamekalia makatoni yote ya samaki isipokuwa moja, nyuma kabisa ya duara. Akaketi pale, ametuelekea.

Mbelu akapiga magoti kumsalimia, kisha akalaza fagio chini.

"Mama Mbelu, simama," nikamwambia. "Saa inaenda."

"Ule ni bopère, baba ya bwana yangu, Jocelyne. Mi siwezi kukomba na fagio kuelekea miguu yake. Ni kumufukuza."

"Hapa hakuna takataka. Ni barafu tu."

"Fagio ni fagio."

"Basi umuombe ahame."

"Weye ungeambia bopère yako ahame?"

Nisingeweza, na hilo likanikasirisha. Sisi tuliotoka Kasai tumelelewa hivyo: mkaza mwana hafagii kumwelekea mkwe aliyeketi, na akifanya hivyo amemwambia aondoke. Mwamuzi akanyoosha vidole viwili. Dakika mbili.

"Kuna shida gani?" akauliza mzee.

Nikajibu mimi, macho chini. "Tata, jiwe yetu inaomba fagio, na weye uko mbele ya fagio."

Tata Kazadi alilitazama duara, akamtazama Mbelu aliyepiga magoti kwenye barafu. Alikuwa ametoka mwisho wa mji kwa taxi-moto, pikipiki ya kukodi, na njia nzima, dereva alituambia baadaye, alikuwa akijisifu kwamba anakwenda kumwona mtoto wake akicheza. Akainuka taratibu, akakunja blanketi.

"Mi naenda mwenyewe," akasema kwa sauti, chumba kizima kisikie. "Hakuna mutu amenifukuza."

Akatoka na kuufunga mlango.

Nikasukuma. Jiwe lilianza kuchoka katikati ya njia, na Mbelu akafagia jinsi sijawahi kuona mtu akifagia, goti na vyote, akilia waziwazi. Likasogea, likasogea, likafia kitovuni.

Mbelu alitoka nje mbio kabla ya kupeana mikono, fagio amelificha mgongoni. Mzee alikuwa amesimama ukutani, juani.

"Imefika?"

"Imefika, tata."

Akajifunika blanketi hadi puani, akafuta macho kwa pindo lake, akasema baridi ya mle ndani ni kali sana.