Vunjajungu wa Mama Mkwe

Fundi saa alikuwa na jicho la kazi na jicho la wazimu. La kazi lilitazama saa za watu. La wazimu lilitazama wadudu. Kioo cha kukuzia kilikuwa kilekile: alikifunga kwenye simu kwa mpira, na tangu hapo hakuna nzi wala buibui mtaani aliyepumua bila kupigwa picha.

Sasa roho yake yote ilikuwa kwenye mguu wa kichanja cha vyombo, nyuma ya jiko la mama mkwe wake. Vunjajungu alikuwa ametaga hapo, mayai ndani ya povu lililokauka, na kwa wiki nne fundi alilichungulia kila asubuhi. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kuwapiga picha watoto wakitoka.

"Jina lake tu halikutoshi?" mama mkwe alifoka. "Anayemgusa huyo huvunja vyombo! Jumamosi nalichoma moto hilo povu lake."

"Simgusi, mama. Natazama tu. Macho hayana pazia."

"Na vyombo vyangu havina vipuri."

Jumamosi ikafika. Fundi alikuwa amepiga magoti, simu imemgusa pua, mama mkwe alipotokea na kiberiti mfukoni. Mikononi alishika bakuli la maua ya buluu, la harusi yake, miaka arobaini bila ufa.

"Mama! Wanatoka!"

"Kina nani?" Akainama, shingo upande. Walikuwa wananing'inia kwenye nyuzi, makumi kwa makumi, wadogo kama mbu, na kila mmoja keshakunja mikono yake.

"Jamani, vina macho!" mama mkwe alipiga kelele. "Tazama hako kanavyonikodolea! Piga, mwanangu, piga!" Akapiga makofi kwa furaha.

Makofi hayapigwi na mwenye bakuli mkononi.

Fundi alijua amekwisha. Mama mkwe alitazama vigae vya bakuli, akamtazama mkwewe.

"Lakini sikumgusa!" alisema, na kicheko kikamkalisha chini kwenye majani. Fundi naye mbavu hana, anacheka huku anapiga picha.

Moja ya picha hizo imetundikwa jikoni. Mbele wamejaa watoto wa vunjajungu. Nyuma yao, kwa ukungu, kuna kitu cha buluu hewani. Wageni wakija, kidole cha mama mkwe huwaruka wadudu wote.

"Bakuli langu hilo," huwaambia. "Hapo bado zima."