Baki Ni Baki

Jumatatu, baada ya chai, karani wa masijala alimaliza kuhesabu mafaili ya wote waliowahi kuajiriwa hospitalini: elfu ishirini na saba, mia saba na ishirini na moja. Mkaguzi alikuwa ametoa amri kwamba kila boksi liwe na idadi ileile, kisha yashushwe stoo ya chini na mlango upigwe misumari. Hapo tena nani angeyasoma?

Karani alipanga mawili mawili, likabaki moja. Akapanga matatu matatu, likabaki moja. Manne, matano, hadi kumi na mawili, wiki tatu mgongo unamuuma, na kila mara lilibaki lilelile la dada yake, hata pale alipolitia boksi la kwanza na kukalia kifuniko. Hakushangaa. Dada mtu alikuwa king'ang'anizi tangu utotoni.

Dada huyo alikuwa muuguzi. Siku oksijeni ilipokwisha wodini, alikataa kusaini kwamba ilikuwepo. Wakuu wakalipiga faili lake muhuri: AMEONDOKA KWA HIARI. Hiari gani, jamani! Karani aliomba jambo moja tu, faili hilo lisishuke stoo.

"Lichane," mkuu wa masijala alisema.

"Ulilichana jana, bosi. Leo lipo."

Mkuu akalichana tena, akatafuna vipande viwili kwa hasira. Wakahesabu upya, idadi ikawa ileile.

"Basi shindilia kumi na matatu kila boksi!" akafoka.

Maboksi yalipasuka pembeni, yakafungwa kamba. Safari hii yakabaki matano. Karani akayageuza: la dada yake, na ya wauguzi wanne waliokuwa naye zamu ile, waliokataa pamoja naye. Furaha ikamjaa, akapiga kigelegele hapohapo. Watu wa ghorofa ya juu wakaitikia bila kuuliza kuna nini.

"Turudi kumi na mawili," mkuu alinong'ona. "Heri lile moja."

Lakini mkaguzi alikuwa ameshaingia. Alihesabu, akatoa fomu, na penye neno "Baki" akaandika: tano.

"Na haya yanakwenda wapi, mzee?" karani aliuliza.

"Baki ni baki. Yanakaa mezani, wazi, anayetaka asome."

"Na mihuri?"

"Mihuri si kazi yangu," mkaguzi alisema, akafunga kalamu.

Alasiri dada mtu alifika na wenzake wanne, sare zimepigwa pasi ingawa hakuna wodi iliyowaita. Muhuri wake ulikuwa palepale, wino haujafifia hata kidogo. Akaichukua fomu ya mkaguzi.

"Wametuandika nini hapa?"

"Baki, dada."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Haya, vuteni viti," akawaambia wenzake. "Tumebaki."

Wakakaa, kila mmoja mbele ya faili lake. Foleni ya waliokuja kusoma ilikuwa imeshafika kwenye ngazi.