Pezi la Kumi na Saba

Mwanamke nisiyemjua alisimama mlangoni kwetu, mtaa wa Merrylands, barakoa mbili usoni, sare ya makao ya wazee ikichungulia chini ya koti. Ilikuwa Agosti 2021 na wageni walikuwa wamekatazwa kwa sababu ya korona. Alirudi nyuma hatua tatu kabla sijamwomba.

"Njo weye unatafutaka masamaki?"

Nilimjibu kwamba ndiye mimi, ila pomboo si samaki. Huvuta hewa, hunyonyesha. Akafikiri kidogo.

"Basi huyu njo mama," akasema, akaninyooshea simu.

Pezi la mgongoni lilikuwa na mikato mitatu, wa chini ukiwa umepinda. Alikuwa Kumi na Saba, pomboo wa namba hiyo kwenye orodha yetu ya utafiti. Hatukuwa tumemwona kwa miezi kumi na minne. Ubavuni mwake palikuwa na pezi jingine, dogo kama kiganja.

Nilipaswa kulia, au kucheka. Nilihesabu mikato tena.

Kwa kazi yetu, pomboo hujulikana kwa pezi lake kama mtu kwa uso. Lakini picha isiyo na tarehe, saa na mahali haiingii kwenye orodha. Ni picha tu. Dokta Wainaina, msimamizi wangu, alikuwa amenionya: tusipompata hata mmoja kabla ya mwezi kwisha, utafiti unafungwa, na ufadhili wa masomo yangu nao. Nami nilikuwa nimefungiwa ndani wiki ya tisa, bahari iko upande wa pili wa jiji. Ndiyo maana nilikuwa nimewaomba waumini wenzangu wa ibada ya Kiswahili, wale wanaofanya kazi karibu na maji, wanitazamie.

Mama Chibalonza, ndivyo alivyojitambulisha, alisimulia akiwa palepale uani. Mzee aliyekuwa akilishwa naye kwa miaka miwili alikuwa amefariki asubuhi ile, ameushika mkono wake wenye glavu, watoto wa mzee wakitazama kwenye kioo cha simu. Kibali cha mama huyu kilimruhusu kwenda kazini na kurudi nyumbani, basi. Lakini hakuweza kuwapelekea wanawe uso ule. Akateremka hadi ukingo wa maji, akakaa saa nzima. Ndipo wakatokea pomboo wawili, mdogo akipumua mara tu baada ya mama yake.

"Usiandike saa. Usiandike fasi," alisema. "Bakijua nilikuwa kule, kazi inaisha. Niko na batoto bane. Niahidi, mutoto yangu."

Nikaahidi kwamba saa wala mahali sitaandika, naye akanitumia picha. Kisha nikamuuliza kwa nini basi alihangaika kuja.

"Pasta alisema unamulilia. Nilitaka ujue iko muzima."

Siku hizi napokea simu katika ofisi moja Parramatta. Watu hudhani niliichoka bahari, nami huwaacha wadhani hivyo.

Ijumaa ya wiki ile ya Agosti, Dokta Wainaina alionekana kwenye kompyuta akiwa hajanyoa ndevu. Aliniuliza kama kuna lolote. Picha ilikuwa wazi kwenye nusu ya pili ya kioo, mtoto yule akianza kuinua kichwa.

"Jepchumba, nipe kitu. Hata picha mbaya, mradi ina tarehe na mahali."

"Sina, Dokta."

 Alinishukuru kwa miaka miwili ya kazi, akaniombea heri, akaondoka kiooni.

Ripoti ya mwezi ilikuwa bado inanisubiri. Safu ya Agosti niliiacha tupu, nikaituma.