Pete ya Nati

Eliza alikuwa na ugomvi na sheria moja tu ya kazi yake: ukipima udongo, usiwe na chuma mwilini. Simu, funguo, mkanda, vyote aliviacha begini kando ya shamba. Pete, la! Marehemu mumewe Kristian, fundi chuma, aliichonga kutoka kwenye nati enzi hawana uwezo wa kununua dhahabu, na tangu azikwe haijatoka kidoleni. Kwani kipete tu kina ubaya gani?

Basi asubuhi ile yuko kijijini Rangwi. Alimwamkia Mama Husna, mwenye shamba, shikamoo, wakaingia kwenye karoti zake, chini ya gereji iliyofungwa zamani. Kifaa cha Eliza, kinachoenea kiganjani, hakioni sumu yenyewe. Huhisi chembe za chuma zinazofuatana na uchafu wa gereji. Akakibandika ardhini, akakishikilia kwa mkono wa kushoto kisitikisike. Namba juu. Akasogea. Juu. Hata kule chini kabisa, penye mimea ya masale iliyopandwa mpakani, juu vilevile.

"Mwanangu, niambie ukweli," Mama Husna alisema. "Wanunuzi wameshaanza kunikwepa. Ukisema kuna sumu, mimi ndiyo basi tena. Sina shamba lingine."

Eliza akafungua mdomo atoe pole, akasita. Uchafu gani huu unaomfuata kila aendako? Akautazama mkono wake wa kushoto. Mungu wangu! Aibu ikampanda hadi masikioni.

Pete iligoma kutoka. Mama Husna akaleta maji na sabuni, akamshika kidole, akakisugua taratibu. Tangu msibani hakuna mtu aliyemshika mkono kwa muda mrefu namna ile, na Eliza alitamani pete izidi kugoma. Ikatoka.

Wakaanza upya. Karibu na gereji namba zilipanda; chini yake zikashuka, zikatulia mpaka kwenye masale.

"Pale juu usilime," Eliza alisema. "Nitapeleka udongo maabara wathibitishe, lakini huku chini sioni cha kukutisha."

Mama Husna akapiga vigelegele, bonde zima likasikia.

Eliza akashuka peke yake. Kesho ni Mtae, shamba jingine, sheria ileile. Kwenye kona ya njia akaketi, akailaza pete kwenye majani, akaisogezea kifaa. Namba ikaruka.

"Upo," alimwambia Kristian, akalia sana. Kisha akaifunga kwenye leso, akaitia begini pamoja na funguo.